Huyu Siye Yule

Kijana akitangaza nyumbani kwamba amepata nafasi chuo kikuu kusomea uzamili wa ikolojia na uainishaji wa viumbe, shangazi zake huwa na swali moja: halafu utaajiriwa wapi? Ni swali la haki, na sitalikwepa. Ila kwanza lazima ijulikane huyo kijana anakwenda kujifunza nini. Anakwenda kujifunza kusema maneno matatu, "huyu siye yule", na kuyatetea mbele ya mtu yeyote, hata mtu ambaye hajazaliwa bado. Kuyasema hakuhitaji shule. Kuyathibitisha kunaweza kumaliza miaka kumi ya ujana wa mtu, na nyakati nyingine, kama tutakavyoona, humaliza maisha yake yote na bado kukabaki deni.

Nitaisifia kazi hii nikiwa Lupingu, kata ya Ludewa kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa sababu ni vigumu kupata mahali ambapo maneno hayo matatu yana uzito zaidi. Safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda huko huanza na koti. Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, upepo unakata masikio. Njombe asubuhi mtu akiongea anatoa moshi mdomoni. Unapita Ludewa, kisha barabara inaanza kuporomoka, na koti linavuliwa bila kuambiwa. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali Milima ya Livingstone iliyosimama nyuma yake inavuka mita 2,000. Mteremko huo hauishii ufukweni. Unaendelea ndani ya maji hadi vilindi vinavyofika karibu mita 700, na kutoka takriban mita 250 kwenda chini hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna samaki. Uhai wote wa ziwa umebanwa kwenye tabaka la juu na kwenye ukanda mwembamba wa pwani, na sehemu kubwa ya ukanda huo kwenye mwambao wa Ludewa ni mawe.

Kwenye mawe hayo wanaishi mbuna. Mvuvi wa Lupingu hana shida nao sana. Yeye ana macho yake na kazi yake: anamjua mbasa anayepanda Mto Ruhuhu kwenda kuzaa, anamjua mbufu, anajua usiku upi wa kuwasha taa na kuwavuta usipa. Mbuna ni wadogo, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja, na wanakaa kwenye mianya ambako nyavu huchanika. Lakini kwa mwanafunzi wa uainishaji hao ndio mtihani mkuu. Mbuna haachi mwamba wake kirahisi. Jike hubeba mayai mdomoni hadi vifaranga waweze kuogelea, dume hulinda kijieneo chake akimfukuza kila apitaye, na mchanga uliopo kati ya mwamba na mwamba kwao ni jangwa. Matokeo yake ni kwamba rasi moja inaweza kuwa na samaki wa buluu mwenye mistari myeusi, na rasi inayofuata, baada ya ufukwe wa mchanga ambao mtu anautembea kwa dakika chache, ikawa na mwingine anayefanana naye isipokuwa pezi la mgongoni lina njano. Je, hao ni spishi mbili, au ni ndugu waliovaa tofauti?

Mtu wa siku hizi atasema: pima DNA, mambo yaishe. Watafiti wamepima. Mwaka 2018 kikundi cha akina Milan Malinsky na Richard Durbin kilichapisha matokeo ya kusoma jenomu za spishi nyingi za sikilidi wa ziwa hili, familia ambayo mbuna wamo, na wastani wa tofauti kati ya spishi na spishi ulikuwa kati ya asilimia 0.1 na 0.25 tu. Samaki hao wote, wanaokadiriwa kuwa spishi mia kadhaa, labda hata elfu moja, wametokana na asili ya pamoja ya kama miaka 800,000 iliyopita. Hao ni viumbe walioachana jana, na damu zao bado hazijasahauliana. Maabara inasaidia sana, sikatai, lakini haiamui peke yake. Bado anatakiwa mtu wa kukaa chini na kutazama.

Na kutazama kwenyewe kuna utaratibu. Chukua samaki wawili wa buluu wenye mistari myeusi kutoka kwenye mwamba mmoja. Ukiwa kwenye mtumbwi huwezi kuwatofautisha. Wapeleke mezani, mfungue wa kwanza mdomo kwa kibanio, umweke chini ya hadubini: meno ya safu ya nje yana ncha mbili mbili, yamepangwa kwa karibu, yanafaa kukwangua ukoga juu ya jiwe. Mfungue wa pili: meno yake yana ncha moja, yameachana, na tumboni umekuta vijidudu vinavyoelea majini. Wa kwanza ni wa kundi la zebra, wa pili ni wa jenasi Cynotilapia, ambayo C. Tate Regan wa London aliiunda mwaka 1922. Meno yamekuambia jina, na jina limekuambia nani anakula wapi. Hapo ndipo ikolojia na uainishaji vinapokutana, na ndiyo maana vyuo vingi huvifundisha pamoja. Anayejua samaki anakula nini bila kujua ni samaki gani, takwimu zake zote ni za kubahatisha.

Baada ya meno unahesabu miiba ya pezi la mgongo, magamba kwenye mstari wa ubavuni, vijiti vilivyo kwenye matamvua. Unapima kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, upana wa jicho, kina cha shavu, na vipimo vingine kadha wa kadha, kisha unamrudia samaki yuleyule siku nyingine bila kuangalia tarakimu za mwanzo, uone kama mkono wako unakubaliana na wenyewe. Mara nyingi haukubaliani. Unaanza upya. Wakisi wa mwambao huu ni wafinyanzi wenye sifa, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni Matema. Mama aliyefinyanga tangu utotoni akiushika udongo, vidole vinamjulisha kama utapasuka motoni kabla hajajua kueleza kwa nini. Mtaalamu wa uainishaji naye hufikia hapo. Akimtazama samaki anajua. Tofauti ni kwamba yeye hasameheki mpaka aeleze, kwa tarakimu, ili mtu asiyemwamini aweze kupima mwenyewe.

Kuna kitu kimoja ambacho wageni wa kazi hii hawakitilii maanani, nacho ni lebo. Samaki akitolewa majini kazi huwa ya mbio: apigwe picha akiwa hai, maana fomalini itaifuta buluu yote na kuacha kahawia, akatwe kipande kidogo cha pezi kiende kwenye spiriti kwa ajili ya DNA, maana fomalini huiharibu, ndipo aingie kwenye chupa. Na ndani ya chupa, si nje, iwekwe karatasi ngumu iliyoandikwa kwa penseli: mahali, latitudo na longitudo, kina, tarehe, nani amekusanya, kwa mtego gani. Penseli, kwa sababu wino huyeyuka. Ndani, kwa sababu gundi hubanduka na chupa huchanganywa. Samaki asiye na lebo, hata awe wa ajabu vipi, ni kitoweo kilichoharibika. Samaki mwenye lebo nzuri anaweza kuzungumza na mtu miaka mia baadaye.

Na hilo limewahi kutokea kwenye ziwa hili hili. Friedrich Fülleborn alikuwa daktari wa jeshi la Wajerumani kusini mwa koloni lao mwishoni mwa karne ya 19. Pamoja na kutibu, alikusanya karibu kila kitu, samaki wakiwemo, akavipeleka Berlin. Chupa zikakaa. Mwaka 1926 Ernst Ahl alizifungua na kumkuta samaki mwenye pua nene iliyoning'inia juu ya mdomo, akamwita Labeotropheus fuelleborni. Pua hiyo si pambo. Mdomo ukiwa chini yake, samaki anaweza kukata ukoga huku mwili wake ukiwa sambamba na jiwe, hata mawimbi yakipiga. Ahl hakuwahi kumwona akila. Alikuwa na mwili uliopauka na lebo, na kwa hivyo viwili alitoa jina linalotumika mpaka leo. Waliomvulia Fülleborn samaki hao, wenye mitumbwi na nyavu, hawamo kwenye lebo hizo, na hilo ni pungufu ambalo vizazi vya sasa vya wanafunzi vinaweza kulirekebisha kwa penseli ileile.

Nikitakiwa kutaja mtu mmoja wa kumwonyesha mwanafunzi anayeanza, nitamtaja Ethelwynn Trewavas. Alizaliwa mwaka 1900, akafanya kazi kwenye jumba la makumbusho ya viumbe la London, na mwaka 1935 akatoa muhtasari wa sikilidi wa Ziwa Nyasa ambao ulikuwa mlango wa kila aliyekuja nyuma yake. Samaki wengi aliwaweka kwenye jenasi moja kubwa, Haplochromis, ambayo kwa kweli ilikuwa ghala: asiye na pa kwenda aliingizwa humo. Mwaka 1989, akiwa anakaribia miaka 90, alichapisha na David Eccles kitabu kilicholivunja ghala hilo na kuwagawa samaki wa Nyasa kwenye jenasi nyingi mpya. Miaka 54 kati ya kazi na marekebisho yake! Wengi wetu tukishatoa kitabu tunakilinda kwa meno. Yeye aliendelea kutazama.

Sisemi kwamba kazi hii ina watu watulivu tu. Hao samaki wa kundi la zebra niliowataja wana majina mawili ya jenasi. Mwaka 1984 Meyer na Foerster walipendekeza Maylandia. Mwaka 1997 Stauffer na wenzake wakasema jina hilo halikutolewa kwa kufuata kanuni, wakaleta Metriaclima. Tangu hapo kambi mbili zinaandikiana, na ukisoma makala kuhusu samaki hawa inabidi uangalie kwanza mwandishi ni wa kambi ipi. Asiye na moyo wa kusoma kurasa nyingi za mabishano kuhusu kama maneno fulani yanatosha kuwa maelezo ya jenasi, afadhali atafute fani nyingine. Mimi huwa nacheka, lakini nawaelewa. Jina la kiumbe likiwa halina uhakika, kila kitu kilichoandikwa chini yake kinayumba.

Kusini mwa Lupingu ziwa linapokea Mto Ruhuhu karibu na Manda, na bonde la mto huo lina hadithi ambayo kila mwanafunzi wa uzamivu angepaswa kusimuliwa kabla hajaandika neno la kwanza la tasnifu yake. Mwaka 1933 Rex Parrington wa Cambridge alikuja kukusanya visukuku kwenye miamba ya huko, ambayo wanajiolojia wanaiita Tabaka za Manda. Mifupa ikasafiri hadi Uingereza, na mwanafunzi wake Alan Charig akapewa sehemu yake aifanyie tasnifu. Charig alimaliza mwaka 1956. Ndani ya tasnifu hiyo aliwapa majina wanyama kadhaa: Teleocrater, Mandasuchus, baadaye na Nyasasaurus. Lakini hakuyachapisha kwa namna inayotakiwa na kanuni za kimataifa, na tasnifu iliyokaa kwenye rafu ya maktaba haihesabiki kuwa uchapishaji. Majina yakabaki yakielea miaka na miaka, watu wakiyataja kwa mkato, hakuna anayeweza kuyatumia rasmi. Charig alifariki mwaka 1997.

Kwa nini hakuchapisha? Sina jibu, na kwa mtu aliyewahi kufika nusu ya tasnifu swali lenyewe lina ukali wa kutosha. Ninachokijua ni kilichofuata. Mwaka 2013 Sterling Nesbitt na wenzake walimtangaza rasmi Nyasasaurus parringtoni, mnyama wa kama miaka milioni 243 iliyopita ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au kama si dinosaria basi jamaa yao wa karibu sana. Ushahidi ni mfupa wa mkono wa mbele na pingili za uti wa mgongo. Ndiyo maana neno "huenda" halijaondolewa, na ni vizuri halijaondolewa. Mwaka 2015 timu hiyo ikiwa bondeni ilipata mabaki mapya ya Teleocrater karibu na pale alipokusanya Parrington. Safari hii kulikuwa na mifupa ya kifundo cha mguu, ambayo Charig hakuwa nayo, na kifundo hicho kilifanana na cha mamba, kwa mnyama ambaye sehemu nyingine za mwili zinamweka upande wa dinosaria na ndege. Michoro mingi ya ukoo wa wanyama hao ililazimika kufutwa na kuchorwa upya. Makala yalitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2017, Mandasuchus naye akafuata mwaka 2018. Na katika makala yote matatu jina la Charig limo miongoni mwa waandishi, miaka 16, 20 na 21 baada ya kifo chake.

Sijui taaluma nyingine inayomlipa marehemu deni lake kwa uaminifu wa namna hiyo. Wangeweza kuchukua mifupa, kubuni majina mapya, na hakuna sheria ambayo ingewazuia.

Tukipanda tena mlimani, kaskazini mwa Livingstone, ndani ya msitu ulio katika Hifadhi ya Kitulo na kwenye Mlima Rungwe jirani yake, kuna nyani wa miti anayeitwa kipunji. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja siku zote. Mwaka 2003 timu ya Tim Davenport ilimwona. Mwaka uliofuata Trevor Jones akamwona Ndundulu, Udzungwa, pasipo kujua habari za wale wa Rungwe. Mwaka 2005 wakachapisha pamoja, Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga wakiwa miongoni mwa waandishi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuua mnyama adimu kiasi kile, jina lilifungwa kwenye picha. Mabishano yalikuwa makubwa: picha haina meno, haina damu. Kisha kipunji mmoja akakutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba jenasi aliyowekwa haikuwa yake. Mwaka 2006 akahamishiwa jenasi mpya, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani hai Afrika tangu mwaka 1923. Niko upande wa waliokataa kuua. Lakini siwezi kujifanya kwamba mwili wa yule wa mtegoni haukutufundisha kitu ambacho picha isingeweza.

Sasa shangazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi alipewa jina la Nectophrynoides asperginis na wataalamu wanne, mmoja wao Kim Howell, aliyefundisha zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi. Ni wakati uleule bwawa la umeme la Kihansi lilipokuwa linakamilika, na maji yalipogeuzwa njia, ule unyunyu ambao chura huyo aliutegemea ukapungua. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Kwa sababu alikuwa na jina, kulikuwa na kesi: vyura walikuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani, mabomba ya kunyunyizia yalifungwa kwenye korongo, na kuanzia mwaka 2012 vyura wakarudishwa. Kiumbe asiye na jina hawezi kuandikwa kwenye ripoti ya athari za mazingira, hawezi kulindwa na sheria, wala hakuna atakayegundua ametoweka. Wanaoandika ripoti hizo huajiriwa, shangazi, ingawa sitadanganya kwamba ajira ni nyingi. Wanafunzi wenyewe wamejua mbinu: pendekezo la utafiti likiwa ni uainishaji mtupu fedha hazitoki, basi wanaongeza "mabadiliko ya tabianchi" kwenye kichwa cha habari na kuendelea kuhesabu magamba.

Pale Lupingu kazi ipo. Kwenye orodha za wauzaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani, jina la kata hiyo limekuwa likionekana kwa miaka mingi: jenasi, kifupi cha "spishi" bila jina la pili, kisha Lupingu kwenye alama za kunukuu. Maana yake ni kwamba samaki anauzwa, anafugwa, anapigwa picha nzuri, na bado hajaelezwa. Spishi nyingine ya mwambao wetu wa Tanzania, ile ndogo yenye mistari ya buluu na nyeusi, ilielezwa na Ad Konings mwaka 1994 na kupewa jina la Laif DeMason, mwagizaji wa samaki wa Kimarekani. Mwaka 2016 ikahamishiwa jenasi Chindongo. Anayetaka jina lijalo litoke hapa ataanza kwa kukusanya madume na majike ya kutosha kutoka mwamba mmoja, na wengine kutoka miamba ya kaskazini na kusini yake. Kisha atalazimika kuwalinganisha na sampuli za Ahl zilizoko Berlin na za Trewavas zilizoko London. Siku hizi wahifadhi wa huko hutuma picha kwa baruapepe bila malipo, na picha ni nzuri. Ila meno ya nyuma hayaonekani, na mara nyingi bado inabidi mtu asafiri, aketi, na aufungue mdomo wa samaki yule kwa mkono wake.